Jibu la Tatu

Kambi Mpya ya Mgodi,
Geita.
11 Oktoba, 1953

Dada yangu mpendwa Generosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wa baba umetulia. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Mbuke yu mzima, na Zipora anatimiza miezi minane, mzima pia.

Barua yako niliipata. Umesema baba anajisifu mnadani kwamba mwanawe analala chini ya bati, na sasa anataka kubomoa nyumba yake ya nyasi ajenge ya bati. Anauliza hali ikoje humo ndani. Kabla sijamjibu, nikueleze jambo la hapa kambini.

Mwezi wa Agosti alikuja Mzungu mmoja na vipimajoto, akatundika kimoja kimoja katika nyumba zetu zote thelathini. Kwa kuwa mimi ni karani, nikapewa kazi ya kumtafsiria. Saa nane mchana tuliingia nyumba baada ya nyumba, naye akauliza swali moja tu: humu ndani unajisikiaje? Majibu matano yalikuwa tayari kwenye karatasi: baridi sana, baridi kidogo, vizuri, joto kidogo, joto sana. Basi. Hakuuliza habari za kazi wala za posho. Hapo ndipo mashaka yalipoanza, maana ni mtu gani atoke Ulaya kuja kuuliza jasho la watu?

Jirani yetu Bujiku alisema wanatafutwa wadhaifu wasiofaa kushuka shimoni. Wengine walisema wasioshukuru watanyang'anywa nyumba. Mimi niliwacheka mbele yao, lakini moyoni nilishuku kuliko wao. Unakumbuka mwaka juzi walionung'unikia unga wenye wadudu, mnyapara akawaorodhesha, na wiki ile ile wakafungasha. Sikukwambia kwamba orodha ile niliiandika kwa mkono wangu.

Basi watu walijibu kikwetu. Wewe unajua, Msukuma hata akiwa na homa, ukimwuliza mhola, yaani u salama, atajibu mhola, ni salama, ndipo akueleze homa yake. Yule bwana hakuingoja hiyo homa. Bujiku alijibu vizuri huku jasho la kidevuni likidondokea karatasi. Bwana akanitazama mimi, kana kwamba ninawafundisha.

Mwamvua, mke wa fundi mmoja kutoka Tabora, hakuzunguka. Alisema, "Mwandikie joto sana. Mchana mtoto namtoa nje, humu hakukaliki."

Juzi bwana aliniita ofisini kuniaga. Alisema hata yeye anashangaa, vipimajoto vinasema hivi na watu wanasema vile. Kama nyumba kumi tu zingelalamika, zote zingetiwa dari ya matete na madirisha mapana. Sasa zitajengwa nyingine themanini kama hizi hizi.

Dada, nyumba zilizolalamika zilikuwa kumi na nne. Mwamvua na wengine kumi na watatu, wote niliwatafsiria kwa jibu la tatu, vizuri. Nilijiambia ninawaokoa na orodha nyingine. Siku hizi nadhani nilikuwa naiokoa kazi yangu, na simshuku tena mtu yeyote kama ninavyojishuku mwenyewe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kungoja. Pale juu nilipoandika kwamba Zipora ni mzima, nilijibu kikwetu. Ana vipele mwili mzima, na Jumanne mchana alilegea, macho yakageuka. Kwenye dispensari walisema ni joto la nyumba, asikae humo jua likiwa kali. Mimi nilikuwa ofisini. Aliyembeba mbio mpaka dispensari ni Mwamvua, na hadi leo hajui nilivyomgeuzia maneno. Ananisalimu vizuri kila asubuhi, nami naona aibu kumwitikia.

Bwana anaondoka Jumatano. Kesho nitamweleza ukweli, kisha nitakwenda kwa Mwamvua. Nyumba hii inakwenda pamoja na kazi, kwa hiyo huenda Mbuke na mtoto wakawa njiani kabla sijapata jibu lako. Naomba uwatengee nafasi kwa baba.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote wanaonikumbuka. Baba mwambie asiibomoe nyumba ya nyasi. Akiuliza kwa nini, mwambie mwanawe amejibu kwamba ni joto sana.

Ni mimi mdogo wako,
Donatus Maduhu