Nilimutia Hilaire maneno mu kinywa ku rapport ya mwaka

Mama Adelaïde, mushauri wetu wa radio, nilimukosea muntu, na ule muntu hajue bado kama ni mimi. Anaitwa Hilaire, ni infirmier, muuguzi wa centre de santé ya Itebero, kule mu pori ya Walikale. Naomba unisaidie mbele ya tarehe 16 ya huu mwezi wa tisa, juu kisha pale itakuwa imeharibika kabisa.

Niko na miaka makumi tano na mbili, nilizaliwa Muheto, wazazi walilima maharagi na mihogo ku kilima, nikapata diplome ya État, nikajifunza ordinateur Goma, na sasa iko mwaka wa tisa natumika mu biro moja ya serikali ya mambo ya afya huku Walikale, na kazi yangu iko kutengeneza rapport ya mwaka. Zamani ile rapport ilikuwa na kurasa mia na makumi ine, ku telephone haifunguke, hata chef alikuwa anafungua tu pa mwanzo aone kama picha yake iko. Kisha wakaniita ku formation, siku tatu, wakatufundisha kama rapport ya serikali iko ya raia, si ya kufungia mu armoire, basi uiweke ku internet, iwe mufupi, ifunguke mbio hata connexion ikiwa mubaya, uweke karte, ile ramani, yenye rangi, uweke sura ya muntu na maneno yake mwenyewe. Nilirudi na furaha kama muntu amenunua pikipiki mupya.

Ule mwaka vita ilikuwa imefunga barabara, watu wa biro hawakuweza kwenda kuona kitu na macho, tulikuwa tunangojea tu karatasi za centre de santé zitufikie. Hilaire alitembea siku mbili na miguu, karatasi ziko mu sachet chini ya shati. Alikuwa ameandika nyuma ya fiche za vaccin za zamani, juu kwake karatasi nyeupe iliisha. Nikamwambia, "Kaka, wenye wako na pikipiki hawaleti kitu, wewe unaleta." Akacheka, akasema, "Pikipiki inaogopa barrière ya askari, mimi napita pembeni." Nikamupiga picha vile anacheka. Wakati wa kuenda akaniambia, "Athanase, soma zote, usihesabu tu." Nikasema ndiyo.

Mama, sikusoma. Nilihesabu tu. Ingekuwa nilisoma ningeona kama tangu mwezi wa tano hawana quinine, hawana gants, anazalisha wamama na mikono mitupu.

Sasa usikie vile nilifanya. Mu biro yetu tuko na karte ku ukuta: mahali karatasi imefika tunapaka rangi ya majani, mahali haijafika tunapaka nyekundu. Njo kawaida yetu, sisi wote tunaijua, basi ile karte nikaipiga picha nikaiweka ku internet vile iko, sikuandika pembeni maana ya rangi. Itebero ikawa majani juu Hilaire alitembea. Kijiji ingine, Ntoto, ikawa nyekundu juu hakuna muntu alitoka kule. Wale wenye kugawa dawa wakafungua rapport yangu, wakaona Ntoto iko na shida, Itebero iko muzuri, wakapeleka makartoni Ntoto, Itebero wakaruka.

Hiyo ningeweza kusema ni kosa ya kazi. Lakini pale pa maneno ya muntu palikuwa tupu, chef akasimama nyuma yangu, akasema, "Papa Athanase, tia kitu pale, pasibakie kama jino imetoka." Nikaweka ile picha ya Hilaire anacheka, na chini nikaandika: "Huku Itebero dawa inafika, wamama wanazaa bila wasiwasi." Nikatia jina yake. Chef akasema, "Njo hivyo."

Mama Consolée wa Itebero, anauzisha mafuta ya ngazi, njo mawese, alikuja soko ya Walikale, mwenzake akamuonyesha ile rapport. Akaipeleka Itebero ndani ya telephone yake, akaisoma kisha misa, watu wote wamesimama. Alikuwa amebeba mujukuu wake wa malaria siku mbili mu njia juu Hilaire alimwambia dawa hakuna. Mutoto alipona, lakini yeye hajasahau. Wananiambia Hilaire alisema, "Hii sura ni yangu, haya maneno si yangu." Mama Consolée akamujibu, "Sasa sura yako inasemaka na kinywa ya nani, docta? Dawa inafika, umesema. Inafika wapi, chini ya kitanda yako?" Watu wakacheka. Tangu siku ile wamama wenye mimba wanamupita mbali, wanazalia ku mashamba, na comité ya kijiji itakaa siku ya posho, njo Jumamosi, tarehe 16 kumufukuza.

Na kitu chenye kinaniua ni hiki. Hilaire alinitumia message: "Kaka Athanase, uko karibu na wale wa ordinateur, nisaidie kutafuta nani aliandika jina yangu." Nikamujibu, "Nitaulizia."

Nilimwambia chef. Akasema, "Badilisha ile kitu kimya kimya, nani atajua?" Niko na watoto wane mu masomo, bibi yangu Vestine hajue kitu, naogopa kazi. Lakini mara kumi kwa siku nafungua ule ukurasa, naangalia hesabu ya wenye wameusoma, inapanda, nafunga, nafungua tena. Mama, niufute kimya kimya ao nifanye nini?

Athanase, Walikale

*

Papa Athanase, nimekusikia, na ninakuonea huruma, lakini kidogo. Uongo wa kwanza uliandika chef amekusimamia mu mugongo. Ule wa "nitaulizia" uliuandika peke yako, kwa muntu mwenye anakuita kaka. Ule njo uliniudhi kupita rapport yote.

Niliifungua ile kazi yako ku telephone yangu ndogo. Ilifunguka mbio, macho yangu ya uzee iliona kila kitu, nilifika mwisho bila kuchoka. Ulifundishwa muzuri. Njo maana umeumiza muntu. Ile ya kurasa mia na makumi ine, uongo ungelala mule hata wajukuu wako wazeeke. Hii yako inatembea mu mufuko ya Mama Consolée. Ukitengeneza kitu kila muntu anaweza kusoma, ujue kila muntu ataisoma, na wale unaandika juu yao njo watakuwa wa kwanza.

Kufuta kimya kimya, hapana. Wenye waliipiga picha watabakia nayo, wengine watafungua na wakose ile maneno, na watasema Hilaire alienda biro kuwalipa waifute. Utamuzika mara mbili. Kosa irekebishwe pale ilifanyika, juu kabisa ya ukurasa, hata mbele ya picha ya chef, na tarehe, na jina yako: tuliandika hivi, haikuwa kweli, kweli iko hivi. Usiandike "kulitokea kosa" kama vile mvua ilinyesha. Ni wewe uliandika.

Ile karte, kama unaipenda, uiweke na maana ya rangi pembeni, kwa Swahili ya soko. Karatasi kufika ni kitu moja, dawa kufika ni kingine, usizipake rangi moja. Na kule vita inazuia kufika, tia rangi ya majivu na useme hatujue. Serikali kusema hatujue haiuwe muntu. Picha ya Hilaire uitoshe ku ukurasa leo, usingoje kesho. Kama siku moja ataikubali tena, itakuwa na maneno atakuwa amekuambia yeye mwenyewe na umemusomea akasema ndiyo.

Andikia wale wa dawa, uwaeleze kama Itebero ilirukwa juu ya rangi yako. Unafikiri barua itakuwa ngumu kuliko kuzalisha muntu bila gants?

Lakini Papa, Itebero yote iko na telephone ngapi za kufungua internet? Uongo uliingia kule kwa kinywa, kisha misa. Ukweli uingie vilevile. Mupigie Hilaire leo, mbele hii barua haijamufikia ku radio. Kisha uende na miguu, kama vile yeye alikuja kwako. Vestine umwambie mbele ya kwenda, si kisha kurudi. Kazi inaweza kupotea, sitakudanganya. Lakini saa hii Hilaire njo anapoteza yake, na hakufanya kitu.

Adelaïde

*

Mama Adelaïde, barua yako ilinifikia mbele usome ku radio, asanti kwa ile. Nakujibu mufupi.

Maneno ya kurekebisha kosa iko juu ya ukurasa tangu jana saa ine ya asubui, na jina yangu. Chef alisoma, akasema, "Jina yangu usiitie." Nikasema hii kosa ni yangu. Hajaniongelesha tena. Picha nimetosha ku ukurasa. Barua ya dawa imeenda, hawajajibu, nitawaandikia tena kesho kutwa. Vestine alilia, kisha akaniuliza viatu gani nitavaa.

Hilaire nilimupigia. Nilimwambia yote, hata ya "nitaulizia". Akasema, "Kuja. Lakini usilale kwangu." Nikasema sawa.

Natoka Walikale siku ya ine, tarehe 14. Siku ya posho tarehe 16, mbele comité ifungue kikao, nitasimama Itebero, Mama Consolée aniangalie ku macho, na nitasema na kinywa yangu kama yale maneno niliandika mimi, Hilaire hakuyasema hata moja.