Usipande Mnyaa Unaolia

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Hapa Bugarama hatujambo, na yule ng'ombe mwekundu kazaa. Lakini barua yako imeninyanyua kitini! Kumbe nawe, bi harusi wa juzi huko Tanga, umepanda kijiti cha mnyaa kwenye kopo kikaoza? Umenifuata mimi kabisa!

Nilipoolewa hapa, kabla ya Vita Kuu ya Pili, nilikuwa binti wa mjini Kahama, sijui kupanda chochote. Mama mkwe akaniambia nipande minyaa ya ua wetu. Nikakata vijiti, nikavichomeka palepale huku utomvu ukichuruzika, nikavimwagia maji kama mchicha. Vyote vikaoza! Nikajua sasa narudishwa kwetu.

Mama mkwe akacheka tu. Akakata vingine, akavilaza kivulini.

"Mama, vitakufa!"

"Bado vinalia, mayu, mama yangu. Tungoje vinyamaze."

Utomvu ulipokauka tukavipanda, bila maji, na vyote vikachipua! Niliruka kama mtoto. Ndipo nikakumbuka kwamba nilipoletwa hapa nikilia, mama yule hakunishikisha jembe mpaka niliponyamaza mwenyewe.

Basi kata kingine leo, kilaze kwanza. Na wewe, mama, huko ugenini umeshanyamaza?

Bibi yako