Kiti cha Siku Mbaya

Mugisho wangu,

Mimi ndiye mgonjwa, na wewe ndiye uliyekufa. Bado sijaielewa hesabu hiyo. Tangu nikiwa mtoto kwenye kambi ya jeshi watu walimwambia mama ajiandae, huyu binti wa baridi yabisi hana siku nyingi. Wewe hukuwahi kuumwa hata jino. Kisha lori likakukuta kwenye barabara ya Bombo, hapa Kampala, asubuhi kweupe, nikabaki mimi na viungo vyangu vyote vinavyouma.

Baba hakulia msibani, si unajua askari wa zamani. Lakini alikuwa ameshanunua shati la kukupokea siku utakapokuja nyumbani kujitambulisha kama mchumba wangu. Amelitundika mlangoni, halivai wala hataki liguswe.

Maabara nilirudi baada ya mazishi, ila kukaa nilishindwa. Kazi yangu unaijua: kuinamia hadubini kutwa, kutafuta vijinyoo vinavyokula mizizi ya migomba. Ulikuwa ukiniita daktari wa matoke, na wateja wako wa useremala ukiwaambia wakishiba ndizi wanishukuru mimi. Stuli za pale ni ndefu, miguu inaning'inia, nyonga zinawaka moto. Mkuu wangu, mama mwenye huruma, akasema kama siwezi atanihamishia ofisini niwe naandika ripoti za kazi za wenzangu. Alitaka jibu mwisho wa mwezi. Nilikuwa nakaribia kukubali, Mugisho. Nilichoka kuumwa bila mtu wa kumwambia.

Maana wewe hukuniuliza hata siku moja kama nimepona. Uliuliza, "Wageni wako leo wamelala wapi?" Nikisema gotini, ulinivutia benchi. Nikisema vidoleni, ulinifunga vifungo vya koti langu jeupe, polepole, ukiangalia pembeni kwa heshima. Hapo ndipo nilipokupenda. Mengine yote yalikuja baadaye.

Juzi Ssalongo, mwenye karakana yenu, aliniita huko karakanani, Kawempe. Kwenye maranda nikakikuta kile kiti cha maabara ulichokuwa ukinitengenezea. Mgongo wake umeshapigwa msasa, pa kuwekea mikono pamekamilika, ila miguu mirefu kupita kiasi, haijakatwa. Nikakumbuka ugomvi wetu. Kila nilipokuja kupimwa ulinitazama usoni, ukarudisha futi mfukoni. "Leo uko muzuri, siwezi kukupima. Siku ya muzuri haiwezi kunifundisha kitu." Seremala gani anamrudisha mchumba wake nyumbani eti kwa sababu ana afya? Nilikununia njia nzima, na wewe ukacheka njia nzima.

Nilimwomba Ssalongo akate tu kwa kukisia. Akakunja mikono.

"Bambi, pole dada, hii mimi sikati. Yeye alisema ngoja siku mbaya."

Basi nikamwambia siku mbaya ndiyo hii. Tangu tukuzike sijapata nyingine. Nikakaa kwenye benchi lako, mgongo umepinda, nyonga zinalia, sikujikaza kwa ajili ya mtu yeyote. Akanipima kutoka goti hadi chini, akaweka alama kwa penseli. Msumeno ulipoanza nililia kwa sauti mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Sasa kiti kiko maabara, na mkuu wangu nimemwambia nabaki kwenye hadubini. Sitakudanganya, bado naumwa. Lakini miguu inagusa chini, na mgongo unaegemea palepale ulipokuwa ukiniwekea kiganja. Ssalongo anasema siku nikiwa mzima nitakiona kifupi kidogo. Sawa. Nitakikalia hivyohivyo.

Asubuhi ya kwanza nilipokaa nilisubiri uniulize. Wenzangu waliendelea na kazi zao. Nilisubiri kama mjinga, kisha nikakujibu bila kuulizwa.

Lala, mpenzi. Siwezi kukuahidi kwamba sitalia, hiyo ahadi itanishinda. Nakuahidi kwamba sitaiacha kazi yangu, na kwamba kila asubuhi kabla ya kuinamia hadubini nitakuambia wageni wamelala wapi.

Leo wamelala kifuani, mahali ambapo hawakuwahi kufika ulipokuwa hai.

Wako,
Akello