Isale Halitumwi kwa Simu

Kaka Elibariki,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea vizuri, si kwa sababu umeistahili. Mguu wa mama unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi nyayo zimechubuka, mengine mazima. Namba yako nimeifungia, ndiyo maana naandika. Mwenzangu anayerudi Moshi, yeye bosi wake hakumnyang'anya pasi, atakukabidhi barua hii mbele ya mama, na mama akiuliza nimesema nini, utajua mwenyewe cha kumjibu.

Sisi wafanyakazi wa ndani huku ughaibuni tumetembea kwa miguu kutoka bandarini mpaka mji mkuu wao. Tunadai mabosi waturudishie pasi zetu za kusafiria, na mtu akiteswa aruhusiwe kuacha kazi bila kukamatwa. Tulilala kwenye kumbi za makanisa. Barabarani wametutemea mate, mama mmoja akatumwagia maji ya deki kutoka ghorofani. Tulikubaliana hakuna kujibu kwa mkono wala kwa tusi, na Mungu anajua nilivyotamani. Kijana mmoja kwenye gari akawa anapiga kelele turudi kwetu. Mwanaidi, yule binti wa Rau uliyemleta huku kabla yangu, akamjibu kwa Kiswahili: "Nipe pasi yangu basi, nirudi leo hii hii!" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Halafu ukapiga wewe. Hukuuliza hata kama nimekula. "Toka kwenye hayo maandamano, bosi wako kanipigia, unaniharibia jina mjini." Jina! Yule bosi alifungia pasi yangu kabatini siku niliyofika, nikawa nalala sakafuni jikoni, na wewe ulijua. Mama yake Mwanaidi alikuja kwenye hiyo ofisi yako ya kupeleka mabinti kazini nje, akilia kwamba mwanawe anateswa, kabla mimi sijapanda ndege. Mwanaidi kaniambia tukiwa njiani. Mama wa watu ulimnywesha soda ukamrudisha kwake, mimi ukanisindikiza uwanja wa ndege unatabasamu.

Sasa mama kakugombeza, ndiyo unanitumia picha ya isale. Picha! Tangu lini Mchagga anaomba msamaha kwa jani la kwenye simu? Babu alipomkosea jirani alilikata, akalishika mkononi, akapanda nalo kilima mpaka mlangoni kwa mtu, watu wote wanamwona. Ndiyo maana isale halikataliwi. Lako nimelifuta, ndipo nikakufungia namba.

Ningenyamaza, lakini nasikia umemtolea pasi Ndeshi ili naye aje huku. Mdogo wetu, Elibariki, kitinda mimba wa mama! Nimempigia kumwonya, anasema namwonea wivu, kaka hawezi kumdanganya.

Kwa hiyo sikia. Kata isale la kweli kwenye mpaka wa kihamba cha baba, pale linapoishia shamba la migomba. Anzia Rau kwa mama yake Mwanaidi, kisha upande kwa miguu mpaka kwetu Mwika, ukipita kila nyumba uliyochukua binti. Gari liache. Mlango wa mwisho uwe wa nyumbani. Mpe Ndeshi lile jani mbele ya mama, umweleze ulichonificha mimi, ndipo umwulize kama bado anataka kuja. Kwa sasa nakuchukia, sikufichi.

Nisalimie mama, mwambie nakula. Nisalimie shangazi anayemkatia mama majani ya ng'ombe, na mwalimu wa kwaya, mwambie zile nyimbo zake tunaziimba barabarani.

Jumatatu tunaanza kutembea tena, maana pasi hazijarudi. Mwanaidi aliuliza kama tutafute masale ya kubeba. Nikamwambia hapana, sisi hatujamkosea mtu.

Mdogo wako, upende usipende,
Aikaruwa