Timu ya Upande wa Mama

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, milima ya Uluguru yote imezibwa na ukungu, na humu ndani kwetu Kihonda hali nayo si shwari. Mume wangu kanuna. Aliyemkosea ni mwanawe wa darasa la pili.

Kisa ni jezi.

Baba Neema kwenye mpira ni mwekundu wa kufa. Tangu Neema akiwa wa kupakatwa, mechi wanaangalia pamoja kwenye kochi, mimi kazi yangu ni kuwapelekea chai. Juzi kamletea jezi mpya nyekundu. Mtoto kaipokea kwa mikono miwili, kashukuru kwa adabu zote, kisha kasema hawezi kuivaa, yeye ni wa kijani.

Mimi nilicheka. Mwenzangu hakucheka, akanitazama kama vile nimemlisha mtoto sumu. Jamani, mimi ambaye kuotea ni nini mpaka leo sijaelewa.

Leo tukichambua mchicha nikamdadisi Neema. Ni wenzako shuleni? Hapana. Majirani? Hapana. Eti ni bibi.

Bibi, yaani mama yangu, yuko Kinole na migomba yake, na mpira kwake ni kelele za redio. Ila likizo iliyopita Neema alimuuliza yeye ni Mnyaturu kama baba au Mluguru kama mama. Akajibiwa tunavyojibiwa sote kule mlimani: mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi binti yangu kalibeba neno hilo mpaka uwanjani. Katafuta upande wa mama wanashabikia nani, kamkuta mjomba wake Deo analima na jezi ya kijani. Kesi ikaisha hapo.

Nakiri, nilisikia raha. Kwao mume wangu, Singida, mtoto ni wa baba na hakuna mjadala.

Lakini pia nilimwonea huruma. Namjua. Hagombanii jezi yule, anaogopa kubaki peke yake kwenye lile kochi.

Kwa hiyo nikamwelewesha mtoto. Ukoo ni ukoo, mama, na mpira ni mpira. Timu mtu anachagua mwenyewe, hata ya baba unaruhusiwa.

Akashika jani moja tu la mchicha, analizungusha.

"Nimeelewa, mama. Lakini walifungwa nikiwa kwa bibi, nikalia. Nimeshawalilia, sasa nitahamaje?"

Nilikuwa nadhani watoto wanachagua timu kwa rangi, au kwa kumfuata anayeshinda. Kumbe huyu wangu kilichomfunga ni kushindwa.

Baba yake alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nikajua sasa kitawaka. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumsimulia siku aliyolia yeye kwa mara ya kwanza, utotoni, mechi kaisikilizia kwenye redio ya jirani, chakula kikamshinda. Neema akasema yeye alilia zaidi. Wakabishana weee, mchicha nikaumaliza mwenyewe.

Jumamosi timu zao zinakutana, na kochi ni hilo hilo moja.

Sasa hivi Baba Neema kanifuata jikoni, kasogea karibu, kaniuliza kwa sauti ya chini jezi za kijani za watoto zinauzwa wapi. Anaomba nikanunue mimi. Yeye, anasema, hawezi kuonekana mjini kaishika.