Usipekue Mchele, Ufunguo Ninao Mimi

Kaka Mazin,

Chai iko kwenye chupa. ~~Ufunguo wa gari uko kwenye pipa la mchele.~~ Nimebadili mawazo, naenda nao chuo.

Asubuhi nilikuwa nakupakia mkate siagi kama kawaida. Ulipopiga resi, injini ikagonga kama kokoto ndani ya kopo, kisu kikaniponyoka. Ukamlaumu muuza mafuta. Maskini, hana kosa! Wewe na fundi wako mmechonga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mara mbili, kama maseremala wa Keko na mguu wa kitanda, ili gari liwe kali. Sasa injini inabana hewa na mafuta mno, na petroli ya kawaida inajilipukia kabla ya wakati. Jumamosi ukimpeleka mama safari, pistoni itatoboka njiani, naye yumo ndani.

Inatakiwa gasketi nene chini ya hedi, na taimingi ya cheche irudishwe nyuma kidogo. Dagaa waliobaki sufuriani ni wangu, si wa paka wala wako.

Halafu ukawachekea rafiki zako: "Humu ndani nani anajua injini kunizidi?" Mie nikainamia kikombe, aibu zangu unazijua. Jibu nalitoa sasa: mimi, kaka. Nikirudi, hiyo hedi naifungua mwenyewe.

Mdogo wako,
Yumna