Mlango Mtupu wa Posta ya Zamani

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umepata nafuu tangu uache kuinua wagonjwa peke yako. Shemeji naye vipi, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na wapwa zangu wawili, wameshaota meno ya mbele au bado wanacheka na mapengo yao? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili tu.

Umeniuliza mara tatu kwa nini simu ya Mjomba haipatikani, na mara tatu nimekujibu kwamba imeharibika. Nilikudanganya, Dada. Kaa chini usome, na usimpe Shemeji barua hii kabla hujaimaliza, maana huyo atanitukana kabla yako.

Mjomba yuko gerezani. Amefungwa miaka miwili. Kosa ni langu mimi, na hapo sizungushi maneno.

Kazi yangu ya siku hizi unaijua. Nilichoka kubembeleza mabibi harusi wasifumbe macho, nikahamia kwenye majengo ya mji: daraja, stesheni, mnara wa maji, posta ya zamani. Nayapiga picha mwanga ukiwa umefifia. Jua likishazama kuna dakika kama ishirini hivi ambapo mbingu ni bluu iliyokolea na taa zimeshawaka, basi ni hizo tu, ukichelewa imekula kwako. Kamera unaiweka kwenye stendi na kuiacha ivute mwanga nusu dakika nzima. Ukigusa stendi hata kwa goti, umeharibu. Mtu anayepita haonekani kabisa, kamera haimshiki. Aliyesimama tuli ndiye anayebaki.

Mwezi wa tatu nilikwenda kupiga posta ya zamani, pale Mjomba alipokuwa akilinda mlango mkubwa. Nikamtania kwamba leo naye anatokea kwenye picha, asimame wima na asitikisike. Ungemwona, Dada! Alifunga vifungo vyote, akaweka kofia sawa, akabana pumzi kama mtoto anayepimwa kifua. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera alicheka mpaka akakohoa. Alitoka vizuri mno, hata kiraka cha begani kwenye lile koti lake kilionekana.

Nyumbani nikaiingiza kwenye kompyuta. Nikainua vivuli, nikapunguza umanjano wa taa, nikafuta zile chembechembe zinazojaa kwenye picha ya gizagiza. Mlango ukapendeza, nakshi zake zote zikatoka moja moja. Na mbele yake mzee mwenye koti la kiraka, na kiti chake cha plastiki kilichofungwa kamba mguu mmoja. Nikasema, ah, huyu ananiharibia mlango. Nikanakili mbao za mlango za upande wa kushoto nikazipaka juu yake kidogo kidogo, kuanzia viatuni. Kofia ndiyo iliyonitoa jasho. Nilipomaliza nilijisifu mwenyewe, maana hakuna ambaye angejua kwamba pale palikuwa na mtu.

Halafu nikaifuta ile picha mbichi. Ndiyo tabia yangu. Mashine yenyewe haina nafasi, lakini pia, nikishasafisha picha, ile ya mwanzo naionea aibu. Wenzangu hutunza kila kitu. Mimi nilijiona fundi.

Asubuhi yake zikasikika habari kwamba kompyuta za ofisi za juu ya posta zimeibwa jioni ile ile, na mlango haukuvunjwa. Mjomba aliulizwa maswali, akajibu kwamba hakubanduka mlangoni, na kwamba kuna mlango wa nyuma ambao ufunguo wake anao mtu mwingine. Wakamwacha aendelee na kazi. Jambo lile likaonekana limelala, na mimi nikaendelea na yangu.

Yangu yalikuwa mashindano ya picha ya halmashauri ya mji. Sharti lilikuwa moja, usiongeze kitu na usitoe kitu. Nikatia saini bila hata kupepesa jicho, nikijiambia kwamba kila mtu anatoa. Nikawa wa kwanza. Wakaichapa kubwa kama shuka la kitanda, wakaitundika ukumbini, na chini yake wakaandika tarehe na saa: saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni. Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Ndipo akaja mtu mlangoni kwangu, shati safi, daftari mkononi. Akaniuliza kama picha ile ni kama ilivyokuwa, kama sikutoa kitu. Mimi nikajua ametumwa na wale walioshindwa, maana walikuwa wameshaanza minong'ono. Nikamjibu kwa jeuri kwamba picha ni kama jicho langu lilivyoona. Akaandika, nikatia saini tena. Hata kumuuliza yeye ni nani hasa sikumuuliza.

Alikuwa mpelelezi. Jioni mkaza mjomba alifika kwangu pekupeku, hana hata kanga kichwani, kuniambia Mjomba amechukuliwa, eti picha yangu inaonyesha mlango haukuwa na mlinzi saa ile ya wizi.

Sasa sikia aibu yenyewe. Sikwenda kusema siku ile, wala kesho yake. Nilijitia hamnazo siku kumi na moja, Dada. Nilikuwa na kazi mbili mpya zilizotokana na ule ushindi, nikajidanganya kwamba watamwachia tu, mzee kama yule wamfunge kwa lipi. Mkaza mjomba alikuwa akija kuniomba nimsindikize mahabusu, nami namwambia nina kazi. Nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda nikaeleza yote. Mpelelezi alinisikiliza bila ukali. Akasema, basi lete hiyo picha ya mwanzo. Sina. Akatoa karatasi zangu mbili zenye saini, akaniuliza nimesema kweli lini, nilipokuwa natafuta ushindi au leo ninapomtafutia mjomba wangu njia. Kisha akanionyesha maelezo mapya ya Mjomba. Walikuwa wamemwambia kwamba mpwa wake mwenyewe amethibitisha picha, naye akabadilisha kauli: huenda aliondoka kidogo, hakumbuki vizuri.

Zawadi nimeirudisha, picha imeshushwa, kazi zote mbili zimekwenda. Hakimu hilo halikumgusa. Wakili anasema tukate rufaa, lakini ameniambia usoni kwamba bila ile picha mbichi tusijipe moyo sana. Nimeipeleka mashine kwa mafundi watatu waitafute. Haipo. Niliifuta sawasawa.

Muda wote huo nilidhani Mjomba alibadilisha kauli ili kunisitiri, nisionekane mwongo. Na hilo peke yake lilikuwa linanikosesha usingizi. Jumapili iliyopita nilipata ruhusa ya kumwona. Amekonda, Dada, shingo imebaki kamba tupu. Nilianza kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono, akasogea karibu na wavu na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza ugonjwa wake kwa daktari.

"Njiti, niambie ukweli. Siku ile nilisimama pale?"

Nikamwambia, ulisimama, Mjomba. Ulisimama nusu dakika nzima, hukutikisika.

Akashusha pumzi ndefu, akafuta macho. Akasema, "Alhamdulillahi. Nilidhani akili imeanza kunitoka."

Hakuniuliza lingine. Muda ukaisha.

Nisalimie Shemeji na wapwa zangu wote wawili. Mkaza mjomba anakusalimu. Mimi haniitikii, na sina haki ya kumlaumu. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo mkubwa kuliko wangu. Ukitaka kuninyamazia, ninyamazie, lakini Mjomba mwandikie. Mwandikie kwamba unajua alisimama.

Mdogo wako, ambaye bado anakupenda,
Njiti